Asilimia 98, na Bado Tunapiga Miayo

Barua nyingi za mwezi huu zinazungumzia kitabu kimoja, riwaya ya mapenzi ya kurasa 312 inayopita mkono kwa mkono Unguja na Pemba. Jina hatulitaji. Ni kazi ya kwanza ya mwandishi kijana, na wanaomsema wameshatosha. Kwa asiyekisoma: Rahma anakata tiketi za boti bandarini Malindi, na Nassor ni fundi umeme mwenye shahada, karudi juzi kutoka masomoni. Maabara moja mjini inapokea mate ya watu wasiooa na wasioolewa, inasoma vinasaba vyao, kisha inampa kila mmoja jina la yule "aliyeandikiwa" pamoja na asilimia. Rahma na Nassor wanapata 98. Wanaambiwa ukurasa wa 41, wanaoana ukurasa wa 312.

Assalaam alaykum wahariri. Sisi ni wanawake saba, tunasoma pamoja kila Alkhamis baada ya alasiri. Fikra ya kitabu hiki ilitupendeza sote na lugha yake haina kasoro kubwa, lakini tulipofika nusu kila mmoja alikuwa na udhuru wake. Mmoja wetu anasema hadithi ya mapenzi haitaki maabara. Mwengine anasema Nassor hana chumvi. Kosa liko wapi khasa?
*Bi S. na wenzake, Mkunazini*

Waalaykumu salaam, bibi zetu. Maabara muiache, haina kosa. Kosa ni kwamba ile 98 imefanywa ifanye kazi ya mwandishi. Hadithi ya mapenzi inakwenda kwa swali moja tu: hawa watapatana au hawatapatana, na nani atalipa nini? Mashine ikishajibu ukurasa wa 41, na kila mtu kitabuni akaliamini jibu lake, kurasa 271 zilizobaki ni watu wanaongojea harusi. Hata sisi wapenda harusi tungetaka kungojea kwa muda mfupi zaidi.

Kuna jaribio rahisi la penseli, nanyi mnaweza kulifanya Alkhamis ijayo. Kila sura ikimalizika, andikeni pembeni mambo mawili: nani kaamua nini, na kwa uamuzi huo kapoteza nini. Sura tatu zikifuatana bila ya kitu pembeni, hapo ndipo msomaji anapokumbuka kuwa ana mchele wa kuchagua. Kwenye kitabu hiki, kuanzia ukurasa wa 41 mpaka 260, Rahma hajaamua jambo hata moja lililomgharimu. Anaalikwa Forodhani, anakwenda. Anaambiwa akutane na mama wa Nassor, anakutana, na mama anampenda. Ugomvi wa kwanza unatokea ukurasa wa 260 kwa ujumbe wa simu kutoka kwa mchumba wa zamani, na ukurasa wa 274 umeshakwisha kwa sababu Nassor kaeleza. Ugomvi unaokwisha kwa maelezo ulikuwa haujaanza.

Mkitaka kulinganisha, chukueni *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999. Yasmin kaozwa mdogo kwa Raza, mtu mzima. Anapotoka kwenye nyumba ile anapoteza watu wake, anakimbilia kwa Mwajuma, na anayekuja kumpenda ni Denge, mtu anayesakwa na serikali ya kikoloni. Kila hatua anayopiga kuna mlango unafungwa nyuma yake. Msomaji haulizi kama wanafaana. Anauliza kama watasalimika.

Na yule anayesema Nassor hana chumvi, yuko sahihi. Mwandishi alidhani cheti cha maabara kitatushawishi, kwa hiyo akatupa sifa: mrefu, mpole, hakosi sala ya jamaa. Hizo ni sifa za barua ya posa. Fundi umeme hujulikana kwa mengine. Angeingia nyumba ya mamake Rahma kule Mji Mkongwe, akaangalia waya zilizopita juu ya boriti kabla ya kuamkia wakubwa, kisha akasema mbele ya wageni kwamba nyumba hii ipo siku itaungua. Kakosa adabu, kasema kweli, na mama mkwe keshamchukia. Mistari mitatu hiyo, na tungemjua kuliko tulivyomjua kwa kurasa mia mbili.

Nasoma hesabu Tunguu. Kitabu kinasema alama ya 98 hutokea mara moja katika kila jozi 10,000, kisha kinasema Rahma hana mwengine duniani isipokuwa Nassor. Mbona hayo mawili hayakai pamoja?
*Kh., Tunguu*

Hayakai, na hapo mwandishi kaokota lulu akaitupa pwani.

Tuanze na maabara. Tuseme ina wateja 1,000, wanawake 500 na wanaume 500. Kila mwanamke analinganishwa na kila mwanamume, kwa hiyo jozi ni 500 mara 500, yaani 250,000. Jambo linalotokea mara moja katika jozi 10,000 litatokea mara 25 humo. Sherehe ya maabara ya ukurasa wa 39, ambapo wafanyakazi wanalia kwa kuona maajabu, ingefanyika mara 25 kwa wateja hao hao.

Sasa tumtazame Rahma peke yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Ondoa wanawake, watoto, wazee na wengine wote wasiomfaa, na kwa mfano tu tubakishe wanaume 200,000. Gawa kwa 10,000: wapo 20 wenye 98 naye. Mmoja huenda anaendesha daladala ya Nungwi, mwengine ana mke na watoto wanne Mkoani, wa tatu ni yule anayemnunulia mama yake samaki mnadani. Wanaume ishirini! Riwaya nzima ilikuwa imekaa ndani ya sentensi ile moja, mwandishi akaipita.

Anayetaka kweli jozi moja tu katika maabara ya wateja 1,000, aandike mara moja katika 250,000. Asizidishe kwa tamaa. Akiandika mara moja katika milioni mia, maabara itafunga milango kabla ya kumpata mtu.

Na kuna neno "asilimia". Asilimia ya nini? Watu wowote wawili duniani wanafanana kwa karibu asilimia 99.9 ya herufi za vinasaba vyao. Kwa kipimo hicho Rahma na nahodha wa boti wameshapita 98 kabla hawajapeana salamu. Mwandishi aseme kipimo kinapima kipi: herufi ngapi, za sehemu gani, na alama ya juu inapatikana kwa kufanana au kwa kutofautiana.

Mimi ni muuguzi. Naomba kujua: huku kuchaguana kwa vinasaba kuna ukweli wowote, au ni ndoto za waandishi?
*Sista A., Chake Chake*

Upo ukweli mdogo, nao unavutia kuliko uliomo kitabuni.

Wewe unazijua jeni za HLA kutokana na upandikizaji wa figo, ambako mtoaji na mpokeaji wanatafutiwa kufanana. Ziko kwenye kromosomu ya 6 na zinausaidia mwili kutambua kilicho chake na kilicho kigeni. Mwaka 1995, Uswisi, Claus Wedekind na wenzake waliwapa wanaume 44 fulana wazivae usiku mbili, kisha wanawake 49 wakazinusa bila ya kujua ni za nani. Wanawake wasiotumia vidonge vya uzazi walipendelea zaidi harufu za wanaume ambao HLA zao zilitofautiana na zao. Waliokuwa wakitumia vidonge walielekea upande wa pili.

Hapo ndipo waandishi wengi wanapofunga daftari. Waliofuata hawakupata jibu moja. Mwaka 2008 walitazamwa wanandoa wa Marekani wenye asili ya Ulaya na wanandoa wa Kiyoruba wa Nigeria, jozi 30 au pungufu kila upande. Kwa Wamarekani ilionekana dalili ya kuoana wenye HLA tofauti, kwa Wayoruba haikuonekana. Mwaka 2010 wengine wakazirudia takwimu hizo na kusema hata ile dalili ya mwanzo haisimami vizuri. Kwa hiyo mtu anayeandika maabara ya Zanzibar ana swali zuri la kumpa mhusika wake wa kwanza mwenye akili: fomula hii ilipimwa kwa watu gani, na walikuwemo watu wa kwetu?

Kompyuta nazo zina historia yake. Mwaka 1965 wanafunzi wa Harvard waliwauzia wenzao huduma ya kutafutiwa mwenza: unajaza dodoso, unalipa dola 3, mashine ya IBM inakuletea majina. Tangu hapo biashara imekua, lakini ushahidi haukuifuata mbio. Mwaka 2017 Samantha Joel na wenzake waliichukua kompyuta ya kisasa wakailisha zaidi ya sifa 100 za watu, kabla watu hao hawajakutana kwa mazungumzo ya dakika chache. Iliweza kiasi kukisia nani kwa jumla huwapenda wengi, na nani hupendwa na wengi. Nani atampenda nani khasa, ilishindwa.

Kipimo ambacho kina la kuwaambia wachumba unacho wewe hospitalini, Sista. Ni cha selimundu. Wote wawili wakiwa AS, yaani wabebaji wa jeni moja ya selimundu, kila ujauzito una nafasi moja katika nne ya mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa. Na ikiwa mwandishi yeyote atalitumia hili, asikosee kipimo: kile cha haraka cha zamani kinaonesha tu kwamba himoglobini S, ile ya selimundu, ipo, hakitofautishi AS na SS. Kinachotofautisha ni elektroforesi, inayotenganisha aina za himoglobini, au kipimo chengine cha aina hiyo. Mhusika aliyepewa jibu la kipimo cha haraka akadhani anaumwa, kumbe ni mbebaji tu, ana sura mbili nzima za kulia bure.

Saudi Arabia tangu 2004 inawataka wachumba wapime selimundu na thalasemia, ugonjwa mwengine wa damu wa kurithi, kabla ya kufunga ndoa. Majibu yakiwa mabaya hawazuiliwi, wanashauriwa, na uamuzi unabaki wao. Nako Marekani ipo jumuiya ya Mayahudi iitwayo Dor Yeshorim, iliyoanzishwa 1983, ambayo inawapima vijana bila ya kuwaambia majibu yao. Kila mmoja anapewa namba. Posa ikija, pande mbili zinapeleka namba zao, na jibu ni moja kati ya mawili: mnafaa, au hamfai. Hakuna anayekwenda mtaani na sifa ya kuwa mbebaji. Kanuni hii ihamishieni Wete au Donge, muone mama mwenye namba mkononi anavyopiga simu mlango umefungwa.

Ni kweli mtu anaweza kutema mate saa saba mchana baada ya kunywa urojo, na majibu yakatoka magharibi?
*Msomaji, Darajani*

Hapana, wala asingepokewa. Mate ya kipimo hutolewa baada ya kukaa kama nusu saa bila ya kula, kunywa, kuvuta sigara wala kutafuna kitu, tambuu ikiwemo. Yanayotakiwa ni mililita 2 hivi za mate yenyewe, povu halihesabiwi, na mtu ambaye mdomo umemkauka hukaa dakika kadhaa akisugua mashavu kwa nje. Kikopo hufungwa kwa kifuniko chenye dawa inayohifadhi vinasaba kwenye joto la kawaida, kisha hutikiswa. Urojo wenye embe, bajia na pilipili ungeharibu sampuli, na kazi ingeanza upya. Baada ya hapo vinasaba vinatolewa, vinasomwa kwenye sehemu laki kadhaa, na matokeo yanakaguliwa. Kwa mteja wa kawaida ni wiki. Hizo wiki ni mali: mtu anayengoja jibu hufanya mambo ya kijinga, na riwaya hula humo.

Wanangu wahariri, nimesomewa kitabu hiki na mjukuu wangu. Nauliza: hiyo mashine imewahi kuulizwa kama Rahma na Nassor wamenyonya ziwa moja? Maana mama wa Nassor alikuwa jirani yao.
*Mzee wenu, Makunduchi*

Shikamoo mzee. Hakuna msomaji aliyeona mbali kama wewe mwezi huu.

Ni kweli, ukurasa wa 88 unasema mama wa Nassor na mama wa Rahma walikaa ukuta kwa ukuta na kusaidiana kulea. Mwandishi kaliweka hilo lipendeze tu, akalisahau. Maabara haioni maziwa. Undugu wa kunyonya hauachi alama yoyote kwenye vinasaba, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, mtoto aliyenyonya mara tano zilizo kamili kabla hajatimiza miaka miwili ya mwandamo anakuwa mtoto wa yule mama. Cheti kitaandika 98, na kadhi atasema ndoa haipo.

Hapa uzi ni mrefu, mzee, turuhusu tuuvute. Tuseme Nassor ndiye aliyenyonya kwa mama wa Rahma, wakati mamake yuko hospitali. Yeye anakuwa ndugu wa watoto wote wa mama yule. Lakini ndugu zake Nassor ambao hawakunyonya kule hawaingii katika undugu huo. Mdogo wake, tumwite Hafidh, anaweza kumuoa Rahma. Na ndugu wa baba mmoja mama mmoja wana nafasi moja katika nne ya kurithi seti zile zile mbili za HLA, ya baba na ya mama. Kwa hiyo kama maabara ile inatazama HLA peke yake, Hafidh anaweza kabisa kuwa na 98 ile ile, bila ya kupungua hata moja. Rahma kaahidiwa mtu mmoja duniani, halafu sheria ikamuondoa huyo na mashine ikamletea mdogo wake. Anampenda nani sasa, na kwa sababu gani?

Na nani anajua kuhusu lile ziwa? Wanajua wanawake wawili au watatu, pengine mmoja keshakufa, na aliyebaki hana hakika kama ilikuwa mara nne au tano. Kesi ya namna hii haitaki mtu mbaya hata mmoja.

Kuna jengine ambalo kitabu kimelipita. Mashine inayopendelea tofauti itawakataa mabinamu kwa wingi, kwa sababu watoto wa ndugu wawili hushirikiana kama asilimia 12.5 ya vinasaba kwa urithi. Kwetu binamu ndiye wa kwanza kutajwa. Shangazi aliyekwisha kuweka mkufu kabatini kwa ajili ya harusi ya mwanawe na Rahma, akaja kusomewa karatasi ya asilimia 31, huyo ni mhusika. Kwenye kitabu hiki shangazi yupo, na kazi yake ni kuleta chai.

Bibi yangu kacheka aliposikia habari za kitabu. Anasema zamani walikuwa wakipiga hesabu za majina kujua nyota za wachumba, kwa hiyo maabara haina jipya. Hesabu hiyo inakwendaje?
*R., Jang'ombe*

Msalimie bibi. Tunaieleza kama habari ya kale. Mashekhe wengi wanaikataza, wala hatumshauri mtu aoe au aache kwa hiyo.

Kila herufi ya Kiarabu ina thamani kwa mpango wa abjadi. Unachukua jina la mtu na jina la mama yake, unajumlisha, unagawa kwa 12, na kinachobaki ndicho nyota yake: 1 Hamali, 2 Thauri, 3 Jauza, 4 Saratani, 5 Asadi, 6 Sumbula, kuendelea hadi Huti. Kisha zinatazamwa tabia za nyota, moto, udongo, upepo au maji.

Mfano: Ali, mama yake Hawa. Ali ni ayn 70, lam 30, ya 10, jumla 110. Hawa ni ha 8, waw 6, alif 1, jumla 15. Pamoja ni 125. Gawa kwa 12, inabaki 5: Asadi, nyota ya moto. Mchumba ni Mariyamu, mama yake Amina. Mim 40, ra 200, ya 10, mim 40, ni 290. Amina ni alif 1, mim 40, nun 50, ha ya mwisho 5, ni 96. Pamoja 386, inabaki 2: Thauri, nyota ya udongo. Moto na udongo, wazee wanatikisa kichwa.

Sasa tazama. Wapo wanaoihesabu ile hamza ya mwisho wa Hawa, nao huipa 1. Ali anakuwa 126, inabaki 6: Sumbula. Hiyo ni ya udongo, sawa na ya Mariyamu. Kwa hamza moja wachumba waliokuwa hawafai wamefaana. Na bila shaka kila mtaa ulikuwa na mwalimu aliyehesabu hamza na asiyehesabu, na kila mama alijua aende kwa yupi. Maabara ya kitabuni nayo ina hamza zake: ni nani kaamua jeni zipi zihesabiwe? Mwandishi hakumuuliza.

Mimi ninaandika riwaya ya aina hii hii, nimefika kurasa 180, na barua zenu za mwezi uliopita zimenitia hofu. Msichana wangu ni mwalimu wa skuli, mashine inampa kijana mwenye shamba la mikarafuu. Nimewaandikia ukurasa wa kwanza wanapokutana: mwalimu anamuona, moyo unamwenda mbio, anajua kwamba namba haikudanganya. Nifute vyote?
*Z., Wete*

Usifute vyote, ndugu yetu. Kurasa 180 ni jasho. Ila ukurasa ule wa kukutana ufute leo, ukiwa umesimama.

Kwanza, hamisha namba. Iko mapema, na inasemwa na watu wanaoaminika. Ilete baada ya wawili hawa kuwa tayari na jambo kati yao, zuri au baya. Mwalimu na mwenye shamba wana mambo mengi ya kugombana kabla ya maabara. Msimu wa karafuu mkubwa ukiingia watoto wanakosa skuli kwa kuchuma na kuchambua vikonyo, na mwalimu anabaki na madawati matupu. Aende shambani kudai wanafunzi wake. Wakutane hapo, yeye na daftari la mahudhurio, kijana juu ya mkarafuu kashika tawi, na wanafunzi wanne wamejificha nyuma ya majamvi wakidhani hawaonekani. Kijana asishuke. Aseme kutoka juu kwamba wazazi wao ndio waliowaleta, na mwalimu amuulize kama na yeye alisoma kwa mtindo huo. Baada ya wiki tatu ndipo bahasha ya maabara ifike yenye jina lake.

Pili, amua wewe peke yako kama namba ni ya kweli au si ya kweli, uandike kwenye karatasi uibandike ukutani. Msomaji asiambiwe mpaka mwisho, au asiambiwe kabisa, lakini wewe ukiwa hujui, kila sura itavuta upande wake. Kuna jambo la kweli linaloweza kukusaidia. Mwaka 2014 mtandao wa wachumba wa OkCupid ulikiri kwamba uliwajaribu watumiaji wake: watu ambao hesabu iliwapa asilimia 30 waliambiwa wana 90. Waliodanganywa wakaandikiana zaidi kuliko walioambiwa ukweli. Yaani namba yenyewe ilifanya kazi, hata ilipokuwa ya uongo. Katika riwaya yako, karani wa maabara akosee kuandika. Mwalimu na kijana wakianza kutazamana kwa jicho jengine kwa sababu ya karatasi ya mtu mwengine, umepata kilele, na hujamleta mchumba wa zamani kwenye simu.

Tatu, mpe namba mtu wa kuilipia. Nani kagharamia kipimo, kiasi gani, kwa mpango gani? Kama ni kaka wa mwalimu aliye Muscat, basi kaka anataka kitu. Andika bei kwenye hadithi kwa shilingi, na mshahara wa mwalimu karibu yake, msomaji atapiga hesabu mwenyewe.

Nne, posa. Umeandika kuwa vijana walioana "baada ya taratibu zote". Hizo taratibu ndizo kitabu. Mshenga ni nani, barua ya posa ilifikia kwa nani, jibu lilikaa siku ngapi, nani wa upande wa mama alisema hakuulizwa, mahari ilitajwa na nani. Weka karatasi ya maabara katikati ya watu wale wamekaa mkekani. Mjomba mmoja aisome kichwa chini.

Usiongeze kurasa. Kwa mpango huu 180 zinatosha, na kama sura ya harusi ina zaidi ya kurasa 6, kata. Ukimaliza rasimu, mpe mtu anayechuma karafuu aisome sehemu ya shamba, kabla hujatuletea sisi. Kwenye kurasa ulizotutumia umeandika kijana anaanika karafuu "siku moja". Kwa jua zuri ni siku nne au tano, na mvua ikipita katikati zinageuka rangi na bei inaanguka. Pale mwalimu akiwa njiani na bahasha mkononi, wingu lingeweza kuanza kujikusanya upande wa Kojani.